Mtu wa Kumi



Katika dini ya Kiyahudi ipo hesabu moja ambayo haibadilishwi kwa mali wala kwa cheo. Ni hesabu ya watu kumi. Wakikutana watu wazima tisa katika sinagogi, hata wakiwa wote ni wasomi au marabi, wao ni watu tisa waliokuja kusali, kila mmoja kwa nafsi yake. Akiingia wa kumi, ajapokuwa kijana aliyetimiza miaka 13 juma lililopita, papo hapo wanakuwa usharika. Idadi hiyo huitwa minyani. Pasipo minyani, gombo la Torati halisomwi hadharani, na mfiwa hawezi kuisema Kadishi, ile sala ya kumtukuza Mungu ambayo mtoto huisema kwa ajili ya mzazi wake aliyefariki. Walio wa mapokeo ya Kiothodoksi huhesabu wanaume peke yao. Matapo mengine huhesabu wanawake pia. Lakini wote hukubaliana kwamba tisa si kumi.

Inafaa kujua hesabu hiyo walimu wa Talmudi waliitoa wapi. Walisoma habari za wapelelezi 12 waliotumwa na Musa kwenda Kanaani, kama ilivyo katika Kitabu cha Hesabu. Wawili walirudi na moyo wa imani. Kumi wakawavunja watu moyo. Na hao kumi ndio walioitwa kwa neno la Kiebrania lenye maana ya mkutano. Walimu hao wangaliweza kutafuta mahali pengine watakatifu kumi wa kuwaiga, lakini fundisho la mkutano walilijenga juu ya watu walioshindwa. Basi yeye anayesema kwamba hajui Kiebrania vizuri, au kwamba maisha yake hayajanyoka vya kutosha hata ahesabiwe, hapati udhuru hapa.

Wapo tena wanaodhani kwamba kazi ya sinagogi ni kazi ya rabi. Rabi ni mwalimu na mwamuzi wa sheria, naye anastahili heshima yake. Hata hivyo sala yaweza kuongozwa na mshiriki yeyote aliyejifunza. Anayesoma Torati huandaa sehemu yake kwa siku nyingi, kwa sababu gombo huandikwa bila irabu na bila alama za kughani. Ni lazima aziweke zote kichwani. Karibu naye husimama gabai, ambaye huwaita watu kwenye usomaji na kumsahihisha msomaji anapoteleza. Zaidi ya hao, yuko anayefungua mlango, anayepanga vitabu, anayemtembelea mgonjwa. Katika sharika nyingi hakuna hata mmoja wao anayelipwa.

Lakini kazi inayopima usharika kuliko zote ni ya msiba. Kipo chama kiitwacho hevra kadisha, yaani chama kitakatifu. Washiriki wake humwosha marehemu, humvika sanda nyeupe ya kitani, ya tajiri na ya maskini ikiwa namna moja, wala hawamwachi peke yake hadi azikwe. Wayahudi huuita utumishi huo wema wa kweli, kwa kuwa anayetendewa hawezi kuulipa. Wafiwa wanaporudi kutoka makaburini, chakula chao cha kwanza chapasa kutoka kwa jirani. Kisha kwa siku saba nyumba yao yahitaji watu kumi wa kusali nao. Hapo ndipo uzito wa jambo lenyewe unapoonekana. Penye Wayahudi elfu kumi, mmoja akilala nyumbani hakuna atakayejua. Penye Wayahudi wachache, kulala kwake ni kumnyima mjane au yatima sala yake.

Mfano wa sharika zilizosimama kwa njia hii uko karibu, huko mashariki ya Uganda, kwenye vilima vinavyouzunguka mji wa Mbale. Semei Kakungulu alikuwa jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuitwaa sehemu ile ya nchi, kisha akakosana nao juu ya mamlaka aliyoyatazamia. Mwaka 1919, baada ya kuyachunguza Maandiko, alitahiriwa pamoja na wanawe akatangaza kwamba yeye na watu wake ni Wayahudi. Hakuna mmisionari wa Kiyahudi aliyekuwa ametumwa kwao. Mwaka 1920 alifika Myahudi mmoja aliyeitwa Yosef, akakaa nao miezi kadhaa akiwafundisha kalenda na sikukuu, kisha akaenda zake. Kakungulu alifariki mwaka 1928. Watu hao, wanaojiita Abayudaya, wakabaki na Biblia yao ya Kiganda, na yale waliyokumbuka, na wao kwa wao.

Likaja jaribu la Idi Amin. Alitwaa madaraka mwaka 1971, na katika utawala wake ibada za Kiyahudi zilipigwa marufuku na masinagogi yakafungwa. Wengi waligeukia Ukristo au Uislamu, na si haki kwa aliye mbali na hatari ile kuwahukumu. Jumuiya iliyokuwa na maelfu ikapungua, kwa makadirio, hadi kufikia watu wapatao 300. Hao waliendelea kusali kwa siri, nyumba kwa nyumba, bila rabi, bila fedha, bila msaada wa nje.

Amin alipoondolewa mwaka 1979, uhai mpya haukuanza kwa wageni. Katika miaka ya 1980 vijana wa jumuiya hiyo walikusanyika kwenye kilima cha Nabugoye, wakaishi pamoja kwa mfano wa kibutsi za Israeli, wakifanya kazi pamoja na kujifundisha Kiebrania. Zaburi walizitungia nyimbo kwa Kiganda. Nyimbo za usharika huo zilitolewa katika santuri huko Marekani mwaka 2003, zikateuliwa kushindania tuzo ya Grammy. Mwaka 2002 marabi wa tapo la Kihafidhina walikuwa wamefika Uganda na kuwaingiza rasmi mamia ya washiriki katika dini ya Kiyahudi. Wazee waliotunza Sabato tangu utotoni hawakuona haya kuzamishwa majini kama waongofu wapya. Ulikuwa unyenyekevu mkubwa, kwa ajili ya watoto wao.

Kijana mmoja wa Nabugoye, Gershom Sizomu, alikwenda Los Angeles kusomea urabi, akathibitishwa mwaka 2008. Kutoka 1919 hadi mwaka huo ni miaka 89, na katika miaka hiyo yote usharika haukuwa na rabi wa kwao aliyethibitishwa. Na alipokuwa masomoni, kiongozi akiwa ng'ambo ya bahari, ibada za Nabugoye ziliendelea mikononi mwa washiriki wenyewe.

Wala kujitolea kwao hakukuishia ndani ya sinagogi. J. J. Keki, mkulima na mwimbaji wa jumuiya hiyo, alikuwa New York siku ya Septemba 11, 2001, akaona jinsi chuki ya kidini inavyoua. Aliporudi aliwaendea jirani zake nyumba kwa nyumba, na mwaka 2004 Wayahudi, Wakristo na Waislamu wakaunda chama kimoja cha ushirika cha kuuza kahawa, wakakiita Mirembe Kawomera, yaani amani tamu. Shule za jumuiya nazo zimepokea watoto wa dini zote tatu. Neno sadaka, linalotumika katika Kiswahili, ni ndugu wa neno la Kiebrania tsedaka, ambalo mzizi wake ni haki. Kwa Myahudi, kumsaidia mwenye shida ni kulipa deni.

Mwaka 2016 sinagogi jipya, kubwa zaidi, lilifunguliwa Nabugoye, na mwaka huohuo Rabi Sizomu akachaguliwa kuwa mbunge wa Bungokho Kaskazini. Watu wakasifu jengo na cheo, na vyote viwili vilistahili sifa. Lakini viti havihesabiwi katika minyani, na mbunge ni mmoja tu katika wale kumi.

Ipo desturi ya Wayahudi kutowahesabu watu kwa namba. Ili kujua kama minyani imetimia, hutamka mstari mmoja wa Zaburi wenye maneno kumi ya Kiebrania, neno moja kwa kila uso. Torati husomwa Jumatatu na Alhamisi pia, asubuhi na mapema, siku zisizo na karamu wala wageni. Aliye mshiriki wa sinagogi dogo, mahali popote, na aende Alhamisi hii. Huenda mstari umetamkwa tayari, na limebaki neno la mwisho.