Gundi ya Kope Inayoganda kwa Taa: Maswali Kabla ya Kufumba Macho



Siku hizi anayekwenda saluni kubandikwa kope huulizwa swali jipya: anataka gundi ya kawaida au ile ya taa? Ya taa bei yake iko juu. Mteja huambiwa haina harufu, haichomi macho, na akitoka hapo anaweza kunawa uso siku hiyo hiyo. Baadhi ya maneno hayo ni kweli. Mengine hutegemea kilichomo ndani ya chupa, na ziko chupa ambazo hazisemi kilichomo.

Gundi ya kawaida ni ya jamii ya sianoakrilati, ndugu ya ile inayotumiwa kuunganisha viatu na vikombe vilivyovunjika. Haigandishwi na joto wala upepo, bali na unyevu wa hewani. Ndiyo maana fundi wa Mombasa na fundi wa Lodwar wakitumia chupa za aina moja hawapati kazi moja. Pwani, hewa ikiwa nzito, gundi hushika kabla kope haijakaa sawa, ikawa nyeupe na kukatika upesi. Kwenye ukame huchelewa, na muda wote huo mvuke wake unapanda kwenye macho ya mteja na pua ya fundi. Mvuke huo ndio unaoleta machozi na wekundu. Kile kifeni kidogo anachopewa mteja mwishoni hakiondoi gundi. Kinatawanya mvuke tu.

Gundi ya taa ilitengenezwa kupunguza shida hizo. Imetiwa kemikali ya kuamsha ambayo, ikipigwa na mwanga unaofaa, aghalabu wa kati ya nanomita 365 na 405, huifanya gundi igande kwa sekunde chache. Unyevu wa chumba hauna nguvu sana juu yake, na fundi ana nafasi ya kuilaza kope vizuri kabla ya kuwasha taa. Kwa kazi ya Pwani hiyo ni faida ya kweli. Hata hivyo, nyingi ya gundi hizi bado ni sianoakrilati iliyoongezewa kemikali hiyo, na hizo hutoa mvuke, ingawa kwa muda mfupi. Neno "haina mvuke" lisiaminiwe mpaka orodha ya viambato isomwe.

Jambo zito zaidi ni gundi iliyoganda nusu. Ikiganda kabisa haisumbui ngozi sana. Ikibaki mbichi karibu na ukope, kemikali zake hupenya ngozi. Hubaki mbichi taa isipolingana na gundi, betri ikiwa imechoka, tone likiwa kubwa mno, au kope moja ikizuia mwanga usifikie nyingine. Kwa macho ya kawaida huwezi kutambua: juu imeshika, ndani bado. Fundi anayenunua gundi huku na taa kule, kwa kuwa kila kimoja kilikuwa nafuu mahali pake, anabahatisha kwenye jicho la mtu.

Mzio wa akrilati hauji siku ya kwanza. Mtu anaweza kubandikwa kwa miezi mingi bila shida, kisha asubuhi moja aamke kope zimevimba na ngozi inawasha. Ukishaingia mwilini kwa kawaida hautoki tena. Akrilati hizo au ndugu zake zimo kwenye dawa ya kuziba meno, na kwenye gundi ya baadhi ya vipima sukari vinavyobandikwa mkononi. Msichana wa miaka 20 anayeupata saluni ataulizwa habari zake na daktari wa meno akiwa na miaka 50. Fundi mwenyewe yumo hatarini kuliko mteja, kwa kuwa yeye huishika gundi kila siku. Glavu nyembamba hupenywa kwa dakika chache. Zikiguswa na gundi zibadilishwe papo hapo.

Kuna kiambato kimoja cha kutafutwa kwa jina: TPO, ambacho kwenye lebo huandikwa Trimethylbenzoyl Diphenylphosphine Oxide. Ni mojawapo ya kemikali za kuamsha. Umoja wa Ulaya ulikipiga marufuku kwenye vipodozi kuanzia tarehe 1 Septemba 2025, baada ya kuwekwa kwenye kundi la kemikali zinazoweza kudhuru uzazi, hasa kutokana na majaribio ya wanyama. Marufuku hiyo si sheria ya Kenya, lakini mnunuzi ana haki ya kujua na kuchagua. Chupa isiyo na orodha ya viambato wala tarehe ya mwisho wa matumizi irudishwe dukani.

Kuhusu mwanga wenyewe: macho yafumbwe muda wote, ngozi ikingwe, na fundi avae miwani ya kuzuia miale ya urujuanimno. Taa ya kucha isiletwe usoni kabisa. Mwenye ualbino, aliyefanyiwa upasuaji wa jicho karibuni, au anayemeza doxycycline, dawa inayofanya ngozi iungue upesi na miale, aseme mapema na amwone mhudumu wa afya kwanza.

Gundi ikiingia jichoni, lioshwe kwa maji safi mengi yanayotiririka kwa dakika 15. Kope zikishikana zisivutwe kwa nguvu, wala asetoni isikaribishwe jichoni. Baada ya kuosha, mgonjwa apelekwe kwenye kliniki ya macho iliyo karibu, na chupa ya gundi ibebwe pamoja naye ili mhudumu asome kilichomo.