Mashine Inayounda Kivinjari

Naomba kila mwanafunzi awe na karatasi na kalamu mbele yake, na mwalimu wa darasa akae karibu na ubao, maana katikati ya somo nitawapa kazi ya kuandika.

Juma lililopita tulijifunza maana ya kivinjari. Mnakumbuka kwamba ni ile programu iliyomo ndani ya simu au kompyuta, ambayo mtu huifungua apate kusoma mambo ya intaneti. Baada ya somo lile nilitembelea darasa moja la jioni, na mzee mmoja akasimama akaniuliza: "Bwana Mwalimu, hicho kivinjari kinatengenezwa wapi, na nani anakikagua kabla hakijanifikia mimi?" Swali lake ndilo somo letu la leo.

Tuanze na unga. Tukitaka unga tunachambua mahindi, tunayapepeta, halafu tunayapeleka mashineni. Mahindi tunayaona kwa macho. Lakini yakisha kuingia mashineni hatuyaoni tena mpaka yatoke yakiwa unga. Programu nayo ni hivyo hivyo. Kwanza mafundi huandika maagizo kwa lugha maalumu, na maandishi hayo huitwa msimbo. Mtu aliyejifunza lugha hiyo aweza kuusoma msimbo na kusema, "Hapa pana kosa." Lakini kompyuta yako haiwezi kuutumia msimbo wa Firefox ulivyo. Lazima kwanza usagwe na kugeuzwa kuwa tarakimu za kompyuta. Kazi hiyo huitwa kuunda programu, na mitambo inayoifanya yenyewe, bila mtu kukaa hapo akiamrisha kila hatua, ndiyo mitambo ya kuundia.

Sasa fikirini: mahindi ni safi, nawe umeyachambua mwenyewe, lakini mtu ametia sumu ndani ya mashine. Kuchambua kwako kumekufaa nini?

Jambo hili limetokea. Huko Marekani iko kampuni iitwayo SolarWinds, ambayo programu yake ilitumiwa na makampuni makubwa na ofisi za serikali. Mwezi wa Desemba mwaka 2020 ikajulikana kwamba wezi walikuwa wameingia katika mtambo wa kuundia programu hiyo. Wezi hao hawakuandika neno lao katika msimbo ambao mafundi waliusoma kila siku. Waliweka programu ndogo ya kuvizia. Mtambo ulipoanza kuunda, programu hiyo ilibadilisha faili moja ya msimbo, kisha kazi ilipokwisha ikarudisha ile ya kwanza mahali pake. Fundi akitazama, anaona mambo yote ni sawa. Programu iliyotoka ikatiwa muhuri wa kweli wa kampuni, ikapelekwa kwa wateja wanaofika karibu 18,000. Muhuri ulikuwa halali, lakini unga ulikuwa na sumu.

Basi mtu atajilindaje? Tuwatazame mafundi wa kivinjari kimoja kiitwacho Tor Browser. Kivinjari hiki kimejengwa juu ya Firefox, ambacho ni cha Mozilla, lakini mafundi wa Tor wamekibadilisha ili mtu akisoma intaneti isijulikane kwa urahisi yuko wapi. Hutumiwa na waandishi wa habari, na watu wanaoogopa kufuatwa. Mtu wa namna hiyo akipewa kivinjari kilichotiwa sumu, aweza kufungwa, au hata kuuawa. Kwa hiyo mwaka 2013 mafundi hao walianza kutumia njia waliyoiazima kwa watu wa Bitcoin. Njia yenyewe ni hii: msimbo ule ule husagwa na watu wawili au zaidi, kila mmoja kwa kompyuta yake, mbali na mwenzake. Kisha hulinganisha walichopata. Kama vitu vyote ni sawa, tarakimu kwa tarakimu, vinatolewa kwa watu. Vikihitilafiana hata kidogo, kazi husimama mpaka sababu ijulikane. Mwizi akitaka kuwadanganya lazima aingie katika kompyuta zote, na kuzitia sumu ile ile kwa namna ile ile.

Mtauliza, kwani kuna ugumu gani? Msimbo ni mmoja, kwa nini matokeo yasiwe mamoja? Shikeni kalamu. Kila mwanafunzi aandike maneno haya: "Nimepokea barua yako." Juu yake aandike jina lake, na saa kama anavyoiona katika saa yake au ya ukutani. Nangoja kidogo.

Haya, badilishaneni karatasi na jirani. Maneno ya barua ni yale yale, lakini karatasi hazifanani. Majina ni tofauti, na saa ya mmoja imemtangulia mwenzake kwa dakika mbili. Kompyuta nayo hufanya hivyo hivyo. Inapounda programu hupenda kuandika humo saa ya kazi, jina lake, na jina la jalada ilimofanyia kazi. Pengine huchukua faili kwa utaratibu inavyozikuta, kama mwalimu anayeita majina kwa kufuata viti, na mwenzake akiita kwa alfabeti. Wanafunzi ni wale wale, lakini orodha mbili.

Mimi mwenyewe niliwahi kupatwa na jambo la namna hii. Nilitayarisha kitini cha kusoma, kikapigwa chapa kwa kompyuta mbili za ofisi. Moja haikuwa na aina ile ya herufi niliyotumia, ikaweka nyingine iliyo pana kidogo. Ukurasa wa 12 katika nakala hizi ukawa wa 13 katika zile, na darasa moja likasoma somo lisilo lao jioni nzima. Hakuna aliyebadilisha neno hata moja.

Mafundi wa Tor Browser hufunga kazi yao ndani ya mfano wa chumba katika kompyuta. Chumbani humo saa huwekwa moja isiyosogea, vifaa ni vile vile kwa kila mtu, na wakati wa kuunda mlango wa intaneti hufungwa ili kisiingie kitu kisichoandikwa katika orodha. Hata ile programu inayosaga msimbo huiunda wenyewe kwanza. Ni kama kufua chuma cha mashine kabla ya kusaga mahindi.

Halafu liko jambo la aina za kompyuta. Wengine wana Windows, wengine macOS, wengine Linux, na wengi wenu mna simu za Android. Programu iliyoundwa kwa mmoja haifanyi kazi kwa mwingine. Mafundi hawa huunda za aina zote nne kwa kompyuta za Linux tu, kama fundi cherehani anayewashonea watu wanne kwa vipimo walivyomletea, bila kuwaona. Chumba kimoja hakitoshi. Kila aina ina vifaa vyake. Na mwisho wa kazi Windows na macOS hutaka programu itiwe sahihi ya mtengenezaji, na sahihi hiyo hubadilisha faili. Anayetaka kulinganisha lazima aiondoe kwanza.

Watu wengi hudhani mtambo unaojiendesha ukisha kujengwa umekwisha. Sivyo. Mozilla hutoa marekebisho ya Firefox kila baada ya majuma machache, na mara moja kwa mwaka hivi toleo kubwa jipya la kutegemewa. Marekebisho yakitolewa, msimbo wake huwa wazi. Mwizi naye huusoma, akaona tundu lililozibwa lilikuwa wapi. Tangu saa hiyo kila mtu mwenye kivinjari cha zamani yumo hatarini. Mafundi wa Tor lazima wapachike mabadiliko yao juu ya msimbo mpya, waunde kwa aina zote nne, walinganishe, watoe. Kama mtambo umeharibika siku hiyo, kwa kuwa kifaa kimoja kimezeeka, watu wanangoja mlango ukiwa wazi. Ndiyo sababu huunda nakala za majaribio kila usiku, hata kama hakuna anayezihitaji, ili kosa lionekane Jumanne kabla ya haja ya Ijumaa.

Na kazi ya namna hii ina uchungu wake. Mwezi wa Oktoba mwaka 2024 toleo la 14.0 lilipotoka, halikufanya kazi tena kwenye Windows 7 wala 8, kwa sababu msimbo mpya wa Firefox ulikuwa umeziacha. Waliokuwa na kompyuta hizo waliendelea kwa muda kupewa marekebisho ya toleo la 13.5. Wenye kompyuta kuukuu mara nyingi ni watu wasio na fedha, na mimi sikufurahi nilipoisoma habari hiyo. Lakini kila aina ya zamani inayowekwa ni chumba kingine cha kutunza, na mafundi ni wachache.

Sasa kazi ya nyumbani. Mafundi wanapolinganisha hawasomi tarakimu zote. Kompyuta huifupisha faili nzima kuwa alama moja yenye tarakimu na herufi 64, na ukibadilisha mkato mmoja tu katika faili, alama nzima hugeuka. Mwalimu ataandika ubaoni alama mbili zenye urefu huo, akibadilisha mahali pamoja katika ya pili. Nakilini zote mbili, kisha mtafute mahali hapo bila kusaidiwa. Jibu tutalisoma hapa redioni Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Kwaherini.