Mwenye Uwanja na Mwenye Mpira

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia kutoka Migori na Homa Bay)



Mwenyekiti amenipa dakika ishirini na ameshaangalia saa yake, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Swali lililoletwa ofisini mwetu ni hili. Kuna kikundi cha vijana ambacho kwa miaka kadhaa kimekuwa kikiandaa mashindano ya gemu, yaani michezo ya video, wakati wa likizo ya Desemba. Televisheni wanaazima kwa majirani. Mitambo inatoka kwa wenye vibanda. Umeme wananunua kwa kuchanga, na ukipotea wanatafuta jenereta. Hakuna anayelipwa. Sasa amekuja mtu wa mjini mwenye ligi yake, ameleta karatasi ya kurasa tano. Anataka kikundi kiendelee na kazi ile ile, lakini mashindano yachukue jina la ligi yake, na kikundi kisiandae mengine bila idhini yake. Malipo ni fulana na cheti. Vijana wanauliza: tutie sahihi au tusitie?

Nimesikia mzee mmoja akiguna pale nyuma. Mzee wangu, najua unaona huu ni mchezo wa watoto walioacha jembe. Lakini hebu tuangalie kilicho ndani yake. Vijana ishirini wanakutana bila kusukumwa na mtu, wanaweka ratiba, wanachagua waamuzi, wanatunza pesa na kutoa hesabu. Vikundi vingapi vya watu wazima hapa vimeshindwa kutoa hesabu? Tusitaje majina.

Sasa niwasimulie jambo lililotokea Marekani, kwa sababu wenzetu huko wamepita njia hii tayari na wameumia.

Kuna mchezo unaoitwa Super Smash Bros., wa kampuni ya Nintendo ya Japani. Ni mchezo wa kupigana, ukimtupa mwenzako nje ya jukwaa umeshinda. Toleo moja lilitoka mwaka 2001, na vijana wakalipenda sana. Kampuni haikuwaandalia ligi ya kudumu. Wakajiandalia wenyewe, kwenye sebule za nyumba, kumbi za shule na hoteli ndogo. Kila mtu alibeba televisheni yake, zile nzito za zamani zenye kisogo. Walifanya hivyo mwaka baada ya mwaka, kwa kujitolea, mpaka wakawa maelfu kwa maelfu.

Mwaka 2013 kulikuwa na mashindano makubwa ya michezo ya kupigana huko Las Vegas, yaitwayo Evo. Ilibaki nafasi moja, na mchezo ambao wapenzi wake wangechangia pesa nyingi zaidi kwa utafiti wa saratani ya matiti ndio ungeingia. Wale vijana wa Smash walichanga zaidi ya dola 90,000, wakaingia. Akina mama, sikieni hiyo. Hiyo ni harambee kabisa. Kisha Nintendo ikakataza mashindano yao yasionyeshwe moja kwa moja kwa watazamaji wa intaneti. Watu wakapiga kelele, na siku hiyo hiyo kampuni ikarudi nyuma, ikaruhusu. Wengi walifikiri wameshinda. Mimi naona hapo ndipo wangekaa chini na kuuliza: ikiwa mtu anaweza kutukataza asubuhi na kuturuhusu jioni, sisi tumesimama juu ya ardhi ya nani?

Miaka ikapita. Wakaja waandaaji wa ziara iitwayo Smash World Tour. Walichofanya ni kuunganisha mashindano madogo madogo yaliyokuwepo tayari, ili mshindi wa kijijini aweze kupata pointi za kufika fainali kubwa. Mwaka 2022, kwa hesabu yao wenyewe, waliunganisha mashindano zaidi ya 6,400 duniani. Upande wa pili, mwaka 2021, Nintendo ilikuwa imetangaza ushirikiano na kampuni nyingine, Panda, ambayo ndiyo ingeendesha ligi yenye leseni huko Amerika ya Kaskazini. Hapo sasa pakawa na mafahali wawili zizini, mmoja ana watu na mwingine ana karatasi.

Waandaaji wa ziara wanasema waliongea na Nintendo kwa muda mrefu, wakaomba leseni, wakangoja. Tarehe 29 Novemba 2022 wakatangaza kwamba wamefuta kila kitu. Fainali ilikuwa ifanyike San Antonio, Texas, tarehe 9 Desemba, siku kumi tu mbele. Watu walikuwa wamelipa nauli za ndege na ukumbi umelipiwa. Walisema wameambiwa kwamba hawawezi kuendelea bila leseni. Nintendo nayo ikajibu kwamba haikuwaomba kufuta shughuli zilizobaki za mwaka huo. Pia walimlaumu kiongozi wa Panda kwamba alikuwa akizunguka kwa waandaaji wadogo akiwaambia ziara ile itafungwa, afadhali wahamie kwake. Panda ilikana baadhi ya mambo hayo. Lakini wachezaji na watu wa kujitolea walikasirika, wakajitoa. Fainali ya Panda yenyewe ikaahirishwa, na mkurugenzi huyo akaondoka. Kwa hiyo mwezi ule wa Desemba mwenye watu alikosa, na mwenye karatasi pia alikosa.

Nani alisema kweli? Mimi sikuwepo na sitajifanya hakimu. Ninachoona kama mtu wa vikundi ni kwamba mambo mengi yalikuwa ya mdomo. Mmoja anasema niliambiwa hivi kwenye simu, mwingine anasema sikukuambia hivyo. Nyinyi mnalijua jambo hili kwenye kesi za shamba.

Sasa tutoe haki kwa kampuni pia. Mpira wa miguu hauna mwenyewe. Ukitaka kombe la kijiji hapo Ndhiwa au Rongo, unapanda milingoti na kutafuta mpira, basi. Gemu si hivyo. Hapa mpira wenyewe una mwenye. Programu ya kompyuta inalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kama vile kitabu kinavyolindwa. Mwenye baa anadaiwa leseni ya kupiga muziki hata kama kanda aliinunua kwa pesa zake. Ni hali hiyo hiyo. Kampuni ilitoa watu na pesa kutengeneza kitu, na kisheria ina sauti. Kosa ninaloliona mimi ni kuwaacha watu wajenge nyumba mpaka paa, halafu uwaambie kiwanja ni chako.

Mwezi Oktoba 2023 Nintendo ilitoa kanuni kwa mashindano ya watu wa kawaida yasiyo ya faida. Bila leseni maalum, wachezaji wasizidi 200 wakikutana ana kwa ana, au 300 wakichezea kwenye intaneti. Kiingilio kisizidi dola 20. Zawadi kwa jumla zisizidi dola 5,000. Wafadhili hawaruhusiwi, na kuuza chakula au vinywaji hairuhusiwi. Kwetu hapa ukikataza mama kuuza mandazi na chai mlangoni, nani atakuja? Lakini angalau sasa imeandikwa na mtu anajua mpaka uko wapi.

Kwetu vijana wengi wanacheza ule wa mpira ambao bado wanauita FIFA. Nao una somo lake. Kampuni ya EA ilitumia jina hilo tangu mwaka 1993. Hawakuelewana na FIFA juu ya jina, na kuanzia mwaka 2023 mchezo unaitwa EA Sports FC. Wakubwa hao wana mawakili wengi, na bado jina liliwatenganisha. Sembuse kikundi cha watu ishirini chenye daftari moja.

Turudi kwenye karatasi ya kurasa tano. Kuna mambo mawili yamechanganywa, na ni lazima tuyatenganishe. Mwenye ligi aliyekuja si mwenye gemu. Yeye pia amepanga kwa mtu. Kwa hiyo kabla ya yote aonyeshe idhini aliyo nayo kutoka kwa kampuni ya gemu. Kama hana, anawauzia nini? Jambo la pili ni mali ambayo ni yenu kweli: jina la mashindano, orodha ya wachezaji, vifaa mlivyonunua kwa mchango, na ile imani ya wazazi wanaowaachia watoto wao mpaka saa kumi na mbili jioni. Hiyo ya mwisho hainunuliwi. Ndiyo anayoitaka huyo bwana, hata kama haijaandikwa popote kwenye karatasi yake.

Aliyelima tumbaku Uriri au Kuria ananielewa. Kampuni ilileta mbegu na mbolea, kampuni ilinunua, na kampuni ndiyo ilipanga gredi. Wakulima wa miwa wa Awendo nao wanajua maana ya kungoja mnunuzi mmoja. Sisemi msifanye mkataba. Nasema mjue mnabaki na nini siku mnunuzi akiondoka. Papa Pio wa Kumi na Moja alifundisha mwaka 1931 kwamba kazi ambayo kundi dogo linaweza kuifanya, kubwa lisilinyang'anye. Na akina mama wa nyoluoro wamelijua hilo bila kusoma barua ya Papa.

Ushauri wangu kwa kikundi hicho, na kwa wengine walio njiani: msitie sahihi mwezi huu. Kwanza mjiandikishe. Chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 mnahitaji watu wasiopungua kumi, katiba na viongozi, na afisa wa maendeleo ya jamii atawaelekeza. Kikundi bila cheti hakiwezi kulinda kitu. Mkiona jina la mashindano yenu lina thamani, linaweza kuandikishwa kama alama ya biashara kwa ile taasisi ya KIPI. Kunalipishwa, kwa hiyo mpige hesabu.

Halafu mwambieni bwana wa ligi: tutashirikiana kwa msimu mmoja tu. Jina letu likae pamoja na lako. Kifungu cha kutukataza kuandaa mengine kiondolewe. Anayekesha akilinda televisheni alipwe nauli na chakula, kwa sababu kujitolea kwa jirani ni tofauti na kujitolea kwa mfanyabiashara anayeuza matangazo. Akisema "tutaelewana tu", mwambieni aandike. Na tafadhali, watazamaji wasiweke dau, hata la shilingi ishirini. Kamari bila leseni ni kosa, na mtoto chini ya miaka 18 haruhusiwi hata ile yenye leseni. Hapo hata Padre hatawatetea.

Kuna kijana ameinua mkono muda mrefu. Anauliza, je, akikataa na kwenda kwa kikundi jirani? Inawezekana. Ndiyo maana leo nimeomba vikundi vya pande zote mbili, Homa Bay na Migori, mkae chumba kimoja. Yule wa ziara ya Marekani alikuwa na nguvu kwa sababu mashindano 6,400 yalisimama naye. Baada ya chai, viongozi wa vikundi vya vijana wabaki wakubaliane masharti ambayo hakuna kitakachoyashusha. Mwenye karatasi aniletee nakala, ya asili akae nayo. Katibu yuko pale mlangoni na daftari.