Njia Ngapi za Kupanda Ngazi?

Shikeni kalamu. Fumbo la leo ni la namna wanayopewa vijana wanaoshindana kuandika programu za kompyuta. Mashindano yao ya dunia yalianza Bulgaria mwaka 1989.

Ngazi ina vidato 10. Mtu hupanda kidato kimoja, au huruka viwili kwa mara moja, au huchanganya. Je, ziko njia ngapi za kufika juu?

Msianze kuziandika zote, mtachoka bure. Anzeni na ngazi fupi. Kidato 1, njia 1. Vidato 2, njia 2. Vidato 3, njia 3. Na vidato 4? Wengi watasema 4. Sivyo, ni 5.

Tazameni hatua ya mwisho. Aliyefika kidato cha 4 ametoka cha 3, au ameruka kutoka cha 2. Hapana njia nyingine. Basi jumlisheni: 3 na 2 ni 5. Endeleeni hivyo hivyo: 8, 13, 21, 34, 55, 89. Jibu ni 89.

Ngazi ya vidato 50 ina njia 20,365,011,074. Ukihesabu moja kila sekunde, usiku na mchana, itakuchukua zaidi ya miaka 640! Na katika mashindano kompyuta mara nyingi hupewa sekunde moja au mbili tu. Lakini kwa kujumlisha ni mara 48, hata kwa kalamu yawezekana.

Sasa, akiruhusiwa kuruka vidato 3 pia? Ngazi ya vidato 4 itakuwa na njia 7. Ya vidato 5 itafuteni wenyewe, mje nayo darasani.