Jirani wa Ng'ambo ya Ruvuma



Wiki iliyopita, kwenye foleni ya maji, mama mmoja alinishika mkono akaniuliza: "Mwanangu wa redio, hawa askari wa Rwanda watakuja kutudai nini?" Nilicheka. Halafu nikaona si swali la kuchekea. Nchi ikija kumsaidia mwenzake vitani, ni wajibu wake au inatukopesha?

Redio hii haina bunduki wala chama, kwa hiyo sitasema nani apigane na nani. Nitasema tunayoyajua.

Wazee mnaijua habari hii kuliko mimi. FRELIMO ilizaliwa Dar es Salaam Juni 1962. Risasi zilipolia Chai, hapa hapa Cabo Delgado, Septemba 25, 1964, Tanzania ilikuwa nyuma yetu. Wapiganaji walipata mafunzo Nachingwea, na raia waliokimbia walipewa ardhi ya kulima Rutamba, kule Lindi. Tanzania yenyewe ilikuwa nchi changa na maskini. Mwaka 1979 Msumbiji, ikiwa na uhuru wa miaka minne tu na vita vya Rhodesia mpakani kwake, ilipeleka kikosi kuisaidia Tanzania dhidi ya Idi Amin. Mwaka 1987 askari wa Tanzania nao walikuwa huku kwetu. Kama kuna aliyeandika deni, sijasikia akilisoma.

Likaja la kwetu. Mocímboa da Praia ilishambuliwa Oktoba 5, 2017. Rwanda ilileta watu wake 1,000 Julai 2021, na kikosi cha SADC, Watanzania wakiwemo, kikafuata mwezi huohuo. Hesabuni: karibu miaka minne! Tuseme haki, Maputo nayo ilichelewa kuita majirani, ikatangulia kutumia askari wa kulipwa kutoka Urusi, kisha Afrika Kusini. Wengi husema wageni walikuja baada ya Palma kushambuliwa Machi 2021 kwa sababu ya gesi ya Afungi. Sibishi. Lakini Mocímboa ilikombolewa Agosti 8, 2021, na watu wakaanza kurudi. Mtu akikuzimia moto nyumbani huku akimtazama mbuzi wako, mshukuru, na mbuzi umfunge.

Kwa hiyo, mama, malipo ni mambo ya serikali. Umoja wa Ulaya ulitoa euro milioni 20 kwa ajili ya kikosi cha Rwanda mwaka 2022, ukaongeza nyingine 2024. Wewe hudaiwi kuku, wala shamba, wala binti yako. Askari wa nchi yoyote, hata wa kwetu, akikuambia umlipe kwa sababu anakulinda, hilo ni kosa. Mweleze mfanyakazi wa ulinzi wa raia hapa kambini. Hulazimiki kulisema mbele za watu.

Kinachoniuma mimi ni mlango. Wengi wenu mlivuka Ruvuma mkikimbia, mkarudishwa kupitia Negomano. UNHCR ilisema zaidi ya watu 9,000 walirudishwa kwa nguvu katika nusu ya kwanza ya 2021. Tanzania ilikuwa na hofu yake, maana Kitaya, upande wa Mtwara, ilishambuliwa Oktoba 2020 na watu wakauawa. Hofu hiyo naielewa. Lakini mkataba wa wakimbizi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, wa mwaka 1969, unakataza kumrudisha mtu mahali ambapo maisha yake yako hatarini. Kumpelekea rafiki askari ni sawa, ila mama mwenye mtoto mgongoni hawezi kuwasubiri. Yeye anahitaji ng'ambo ya mto leo usiku. Rutamba ilikuwa hivyo, na wale waliopokelewa pale ndio wazazi na babu zetu.

Kama ulivuka mwaka ule, au babu yako aliishi Rutamba, njoo kwenye kibanda cha redio Alhamisi baada ya alasiri. Tutarekodi sauti yako, jina hatutalitaja.

Na wewe mama wa kwenye foleni, uliondoka kwa haraka ukasahau ndoo yako ya njano. Ninayo mimi.