Bildad Kaggia: Askari Aliyeulizwa Amejifanyia Nini



Mazungumzo yetu ya leo yanawaelekea hasa ndugu zetu wa majeshi ya ulinzi na wa polisi, walioko makambini, mipakani na vituoni. Yanamhusu marehemu Bildad Kaggia wa nchi jirani ya Kenya, askari wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mfungwa wa ukoloni na mbunge wa Kandara, aliyefariki dunia tarehe 7 Machi, 2005. Wakati huo mimi nilikuwa bado mwanafunzi, wala sikupata kumwona kwa macho. Walakini, katika viongozi wa Afrika Mashariki ambao habari zao nimezisoma na kuzitangaza, huyu namheshimu kuliko wengi waliomzidi kwa cheo.

Kaggia alizaliwa mwaka 1921. Alikuwa karani wa Serikali ya kikoloni huko Fort Hall, ambako leo huitwa Murang'a, na mwaka 1940 akajiunga na jeshi la Mwingereza. Vita vikampeleka Mashariki ya Kati, na hatimaye Uingereza kwenyewe. Katika safari kama hizo askari wa Kiafrika walijionea mambo ambayo mkoloni asingependa wayaone: kwamba risasi haichagui rangi ya mtu, na kwamba huko Ulaya nako wako maskini na wachukuzi wa mizigo, nao ni Wazungu.

Vita vilipokwisha, malipo hayakuwa sawa. Askari wa Kizungu walifunguliwa mpango wa kupewa mashamba katika nyanda za juu za Kenya. Mwafrika aliyepigana vita vile vile alirudi akakuta kipande kinamngoja, na ardhi ya babu zake ikiwa ni mali ya mtu mwingine. Hapo ndipo Kaggia alipoanza vita vyake vya pili. Aliingia katika vyama vya wafanyakazi, kisha akawa Katibu wa chama cha KAU, tawi la Nairobi. Katika kitabu chake, Roots of Freedom, kilichotoka mwaka 1975, ameeleza mwenyewe jinsi alivyoshiriki katika uongozi wa siri wa harakati ambazo mkoloni aliziita Mau Mau.

Usiku wa tarehe 20 Oktoba, 1952, alikamatwa. Alishitakiwa Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng Oneko na Kung'u Karumba. Ndugu zetu wa polisi, kesi ile ina fundisho lake. Shahidi mkuu dhidi ya Kenyatta, Rawson Macharia, baadaye alikiri kwamba alihongwa ili aseme uongo. Hata hivyo, mwaka 1953 washitakiwa wote sita walihukumiwa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Oneko alishinda rufani, lakini akawekwa kizuizini. Kaggia alipelekwa Lokitaung, katika jangwa la kaskazini, na hakuwa huru tena mpaka mwaka 1961.

Mwaka 1963 wananchi wa Kandara walimchagua kuwa mbunge, na Serikali ya wenzake ikampa wadhifa katika Wizara ya Elimu. Angeweza kukaa kimya na kula matunda ya jasho lake. Hakukaa kimya. Ardhi ya walowezi ilikuwa ikinunuliwa kwa fedha za mkopo, na mwananchi asiye na shamba alitakiwa ailipie. Kaggia aliuliza kwa nini mtu anunue kitu alichonyang'anywa. Serikali nayo ilikuwa na hoja yake, kwamba mali ya mtu lazima iheshimiwe na uchumi usitikiswe. Kaggia alipoambiwa anyamaze alikataa, na mwaka 1964 akauacha wadhifa wake.

Mwaka uliofuata, katika mkutano wa hadhara huko huko Kandara, Rais Kenyatta alimuuliza mbele ya umati: wewe Kaggia, umejifanyia nini? Akamtajia wenzao wa Kapenguria waliokwisha kujipatia majumba na mali. Swali lile lilikusudiwa kumwaibisha. Leo, ukilisikia tena, ni vigumu kusema ni nani aliyeaibika.

Hatuna budi kusema pia kwamba Kaggia hakushinda. Mwaka 1966 alijiunga na Oginga Odinga katika chama cha KPU, akapoteza kiti chake cha Bunge. Mwaka 1968 alifungwa tena, safari hii na Serikali ya nchi huru. Mwaka 1969 alirudi KANU. Miaka yake ya uzeeni aliishi maisha ya kawaida huko kwao Murang'a, akiendesha kinu cha kusaga mahindi.

Ndugu Askari, swali aliloulizwa Kaggia huulizwa kila siku katika maisha ya mwenye sare. Anayerudi likizo bila kitu mkononi huulizwa na jamaa zake. Aliyesimama kizuizini usiku huulizwa na mwenye gari la magendo, kwa sauti ya chini, huku noti zikiwa zimekunjwa kiganjani. Anayekaribia kustaafu hujiuliza mwenyewe, akiitazama nyumba ya mwenzake aliyeanza kazi pamoja naye.

Kuuliza si kosa, maana askari ana watoto na anastahili malipo ya haki. Lakini Kaggia alitoa kwanza hesabu ya yale aliyowafanyia watu waliomtuma, na kwa hesabu hiyo alikubali kuishi na kinu chake. Tangu Katiba ya mwaka 2010, Wakenya huiita tarehe 20 Oktoba Siku ya Mashujaa. Siku hiyo ikifika, nasi majirani tumkumbuke mzee huyu, aliyetoka vitani, gerezani na Bungeni bila kujilimbikizia mali.