Tuhesabu Abiria Kwanza, Ndipo Tuombe Njia



Tunataka daladala zifike hadi zahanati. Njia huidhinishwa na LATRA, na ombi lenye takwimu lina uzito. Hesabu ya konda haitoshi: inawajumlisha waliopanda tu, si mjamzito aliyesubiri akarudi nyumbani, wala mwanafunzi aliyeachwa kituoni. Vijana wetu watakaa vituoni siku ya kazi, siku ya gulio na Jumapili, wakiandika kila saa waliopanda, walioachwa, waliochukua bodaboda, na wanakokwenda. Nairobi, wanafunzi wa chuo kikuu walipanda matatu na simu zao, na mwaka 2014 ramani ya njia ikatoka. Michango yenu italipa nauli na posho za vijana hawa. Tuchangie.